Kumwandaa mgonjwa wa saratani kwa tiba ya mionzi: mwongozo kwa wahudumu na ndugu wa Dodoma na kanda ya kati

Mgonjwa wa Chamwino au Mpwapwa akiambiwa anatakiwa kwenda kwenye mionzi, swali lake la kwanza mara nyingi halihusu mionzi. Anauliza nani atabaki na wajukuu, mbuzi ataachiwa nani, na kama mvua za Desemba zitamkuta hajarudi. Sisi tunakimbilia kumweleza mashine wakati akili yake iko shambani. Tukimaliza anasema "nimeelewa, nesi," anaondoka, na wiki ya tatu ya tiba tunasikia karudi kijijini.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi, matabibu, wahudumu wa afya ngazi ya jamii na ndugu wanaomsindikiza mgonjwa. Kwa miaka mingi mgonjwa wa Dodoma, Singida au Manyoni aliyehitaji mionzi amekuwa akipewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Ujenzi wa kituo cha tiba ya mionzi katika Hospitali ya Benjamin Mkapa umeleta matumaini kwamba safari hiyo itafupika. Hata hivyo, mashine ikiwa jirani kazi ya kuelimisha inabaki palepale, maana mtu hukatisha tiba hata akiwa anakaa mtaa wa pili na hospitali.

Lengo la elimu hii si mgonjwa ajue fizikia. Lengo ni afike siku ya kwanza, arudi siku ya pili, na aendelee hadi ya mwisho bila kuruka. Chukua saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayowasumbua wanawake wetu kuliko zote. Mionzi yote, ya nje inayotoka kwenye mashine na ya ndani inayopitishwa kwa mrija ukeni, inatakiwa kumalizika ndani ya wiki nane hivi. Kila siku inayozidi hapo inapunguza uwezekano wa kuudhibiti uvimbe kwa kadiri ya nusu asilimia hadi asilimia moja. Wiki mbili za kwenda kupanda mtama zinaonekana fupi kwa mwenye shamba, lakini zinautosha uvimbe kuanza kukua tena. Yote yaliyo hapa chini yanalenga kuzilinda siku hizo.

Hatua ya 1: Sikiliza kwanza anachokijua

Usitoe elimu ya mionzi kwenye korido, mgonjwa akiwa amesimama na bahasha ya majibu mkononi. Tafuta kiti, naye apate kiti. Mpe shikamoo yake kama ni mtu mzima, na kama ni mzee wa Kigogo mwanzie "mbukwenyi", utamwona anavyolegea. Kisha uliza maswali mawili tu: "Mama, umeambiwa unaumwa nini?" na "Huko nyumbani umesikia nini kuhusu mionzi?" Halafu nyamaza.

Utasikia mengi. Kwamba mionzi inaunguza utumbo. Kwamba ukitoka huko usimbebe mtoto, utamwambukiza. Kwamba wanaopelekwa ni wale walioshindikana, na jirani fulani alikwenda akarudi kwenye jeneza. Usimkatize wala usimcheke. Hili la jirani lina ukweli ndani yake: wagonjwa wetu wengi hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, na kijiji huona mtu kaenda kwenye mionzi, kafariki, kikajumlisha. Mweleze hivyo hivyo, kwamba kilichomuua jirani ni saratani iliyochelewa kutibiwa, na ndiyo sababu wewe hutaki yeye achelewe.

Kuna jambo lingine linahitaji ujasiri. Mara nyingi ndugu watakuvuta pembeni wakuombe usimtajie mgonjwa neno saratani. Nawaelewa, wanampenda. Lakini mtu asiyejua anatibiwa nini hawezi kuvumilia wiki tano za kuhara na uchovu. Atajiona anateswa bure. Kaa na familia, waambie kwa upole kwamba mgonjwa ndiye atakayetia saini au dole gumba kwenye fomu ya ridhaa, na hawezi kuridhia asichokijua. Waulize wangependa nani awepo anapoelezwa. Mara nyingi ni mtoto wa kwanza, mjomba au mchungaji wao.

Kuhusu lugha: kuna wazee wanaosikia Kiswahili cha sokoni tu, ila mambo ya mwili wanayafahamu kwa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu au Kisandawe. Tafuta mkalimani mtu mzima wa jinsi yake. Usimtumie mjukuu wa kiume kutafsiri habari za uke wa bibi yake. Bibi atajibu "ndiyo" kwa kila kitu ili mazungumzo yaishe.

Hatua ya 2: Eleza mionzi kwa maneno machache

Nina maelezo ninayoyatumia, nawe unaweza kuyageuza upendavyo:

"Mama, mionzi ni nguvu inayotoka kwenye mashine, haionekani, haina harufu, haigusi ngozi kama moto. Inaingia pale penye uvimbe na kuharibu mbegu za ugonjwa zisiweze kuzaana. Ni sawa na palizi. Shamba la uwele hulipalilii kwa siku moja kwa kulifyeka lote, utakata na uwele. Unapita kidogo kidogo, magugu yanakufa, uwele unapata nafasi ya kusimama tena. Ndiyo maana utakuja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa wiki mwili unapumzika."

Kwa mkulima inatosha. Baada ya hapo kuna mambo manne lazima ayabebe.

La kwanza, haiumi. Akiwa mezani hatasikia joto wala mchomo, atasikia mlio wa mashine tu, na kwa dakika chache. Muda mwingi unaishia kwenye kumlaza vizuri.

La pili, mionzi ya nje haibaki mwilini. Mkumbushe picha ya kifua aliyowahi kupigwa: nayo ilikuwa mionzi, ilipita ikaisha, akarudi nyumbani akala na watoto wake. Hapa nguvu ni kubwa zaidi, ila mashine ikizimwa hakuna kinachobaki ndani yake. Atakula sahani moja na wenzake, atampakata mjukuu, atalala kitanda kimoja na mumewe. Mjamzito anaweza kumtembelea. Wapo wanaotibiwa kwa namna tofauti, hasa wanaomeza madini joto yenye mionzi kwa ajili ya saratani ya tezi la shingo. Hao kwa siku kadhaa hutakiwa kukaa mbali na watoto na wajawazito, na hospitali itawapa masharti yao. Usichanganye makundi haya mawili, maana uvumi wa "usibebe mtoto" unaweza kutoka hapo.

La tatu, madhara hutokea pale mionzi inapopita. Anayetibiwa nyonga hatanyonyoka nywele za kichwani. Anayetibiwa titi hataharisha kwa sababu ya mionzi. Wengi hushangaa kusikia hili, kwa kuwa wamewaona waliopewa dawa za dripu wakinyonyoka na kutapika, wakadhani tiba zote za saratani ni moja.

La nne, kazi ya mionzi inaendelea hata baada ya siku ya mwisho. Uvimbe hausinyai siku ileile. Asipolijua hili, akiona bado kuna uvimbe wiki ya pili atasema imeshindikana.

Jiandae kwa swali la wodini: "Mbona yule wa kitanda cha pili kapigwa mara moja tu, mimi mara 25?" Lijibu sawasawa, kwa sababu idadi hizi huzaa maneno. Mwenye saratani iliyofika kwenye mfupa anaweza kupewa dozi moja ya grei 8 (grei ni kipimo cha mionzi) kutuliza maumivu, na ikamtosha. Mwenye saratani ya titi aliyekwisha kufanyiwa upasuaji mara nyingi hupewa mara 15 kwa wiki tatu. Wa mlango wa kizazi anayetibiwa kwa lengo la kupona hupewa kama mara 25 kwa nje, mara nyingi pamoja na dripu ya dawa mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Hakuna aliyependelewa wala aliyetupwa. Kila mmoja ana lengo lake la tiba, na siri ya mwenzake usimwambie.

Mashine zenyewe, kama ataona majina tofauti: moja hutumia chanzo cha kobalti-60 kilichofungwa ndani ya madini ya risasi, nyingine huzalisha mionzi kwa umeme. Zote zinatibu. Akisikia nduguye katibiwa kwa "mashine mpya" asidhani yake imepitwa na haifai.

Hatua ya 3: Funga mizigo kabla ya safari

Wengi wanaorudishwa au kucheleweshwa wamekwama kwenye karatasi. Kabla hajaondoka hakikisha anayo barua ya rufaa, majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe na kupimwa, picha na CD za vipimo vyote, majibu ya damu, kitambulisho, na kadi ya bima kama anayo. Asiye na bima apitie ofisi ya ustawi wa jamii mapema, akiwa bado kwao, ambako hali yake inajulikana. Kueleza umaskini wako mbele ya mtu asiyekujua, huku foleni ikikusubiri, ni kazi ngumu kuliko tunavyodhani.

Kisha dawa zake za kila siku. Hili huwa tunalisahau. Mgonjwa anayetumia ARV akienda Dar es Salaam miezi miwili na dawa za wiki tatu, ataziacha. Apitie CTC yake, yaani kliniki anakochukulia ARV, apewe za kutosha au barua ya kuchukulia huko. Vivyo hivyo wa shinikizo la damu na kisukari. Mionzi haizuii dawa hizi, na asiziache kwa kudhani zitagongana.

Dawa za kienyeji uliza bila kukunja uso. "Kuna dawa yoyote ya mizizi unakunywa au kupaka? Nataka daktari ajue." Ukiuliza kwa ukali hakuna atakayekubali. Zile za kupaka au kuweka ukeni ziachwe zote kipindi cha mionzi. Za kunywa azitaje kwa daktari. Ugoro na sigara pia viingie kwenye mazungumzo, na akina bibi wanaoweka ugoro mdomoni usiwaruke. Tumbaku inazidisha madhara na inapunguza nguvu ya tiba, hasa kwa saratani za kinywa na koo.

Damu yake ikoje? Mwanamke aliyetokwa damu miezi sita hufika akiwa mweupe, na uvimbe uliokosa damu yenye hewa ya kutosha hausikii mionzi vizuri. Wataalamu wengi hutaka kiwango cha damu (hemoglobini) kiwe angalau gramu 10 kwa desilita. Kama inaweza kuongezwa hapa Dodoma, iongezwe hapa. Ndugu wakielewa sababu, hujitokeza kuchangia bila kusukumwa.

Na safari yenyewe. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, imewapa nafuu kubwa wagonjwa wanaotoka damu au wasioweza kukaa kitako muda mrefu, kwa sababu ina choo na safari ni ya saa chache. Abebe pedi za kutosha, kanga za kubadilisha na dawa za maumivu mkononi, sio ndani ya begi lililowekwa mbali. Ulizeni mapema atafikia wapi. Kama ni kwa ndugu wa Mbagala au Kimara, ndugu huyo apigiwe simu mbele yako na aambiwe kwamba ni wiki sita mpaka nane, si siku mbili.

Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa apimwe ujauzito, na atumie uzazi wa mpango wakati wa tiba. Kama mionzi itapita nyonga, mwambie sasa, kabla ya kuanza, kwamba hedhi inaweza kukoma kabisa na kizazi hakitaweza tena kubeba mimba. Ni habari nzito kwa binti wa miaka 30. Ndiyo maana hatakiwi kuigundua mwenyewe baadaye.

Hatua ya 4: Siku ya kupima na kuchora alama

Kabla ya kuanza tiba kuna siku ya kupanga. Atalazwa kwenye meza ngumu, atapigwa picha, pengine ya CT, na atachorwa alama kwenye ngozi kwa wino au vinukta vidogo vya kudumu. Siku hiyo hatibiwi. Mweleze, maana wapo wanaohesabu siku hiyo kama mara ya kwanza na kushangaa hesabu isipolingana.

Alama ni mipaka ya shamba la mionzi. Asizisugue kwa dodoki, asizipake mafuta, na zikififia asijichoree mwenyewe kwa peni. Arudi kwa mtaalamu. Mume au dada anayemsaidia kuoga naye aambiwe.

Wa saratani ya kichwa na shingo atatengenezewa kinyago cha plastiki kinachobana uso usitikisike. Hii ndiyo hofu kubwa kuliko zote. Mwonyeshe picha, mwambie kina matundu, atapumua, na akiinua mkono wataalamu watamwona kwenye kamera na kuingia mara moja. Kabla ya hapo apitie kwa daktari wa meno. Meno yaliyooza katika eneo la mionzi yang'olewe kabla ya tiba na fizi zipewe muda wa kupona, kwa sababu kung'oa baadaye kunaweza kuliua fupa la taya.

Wa nyonga huambiwa aje kibofu kikiwa na mkojo. Kibofu kikijaa husukuma utumbo mbali na njia ya mionzi. Kituo kitampa kipimo chake, mara nyingi ni kama nusu lita ya maji na kusubiri nusu saa au zaidi. Akielewa sababu atavumilia kubanwa. Asipoelewa ataenda chooni dakika tano kabla ya kuitwa.

Kama una nafasi, fanyeni mazoezi. Tandika kanga kwenye benchi, mlaze, mikono kifuani au juu ya kichwa kama atakavyowekwa, mwambie asitikisike huku ukihesabu dakika tatu, halafu toka nje ya chumba umwache peke yake ukiongea naye kupitia mlango. Hicho cha kuachwa peke yake ndicho kinachowatisha wengi: "Mbona wote wamekimbia?" Mjibu kwamba wataalamu wako kazini kila siku kwa miaka, wakibaki ndani watapokea mionzi wasiyoihitaji, ila wanamwona na kumsikia muda wote.

Hatua ya 5: Toa habari za madhara kwa wakati wake

Kosa letu kubwa ni kumwaga madhara yote siku moja. Mgonjwa anabaki na hofu na anasahau la kufanya. Siku ya kwanza mwambie ya wiki mbili za mwanzo: uchovu, na kwa wa nyonga pengine kichefuchefu kidogo. Mwenye kutokwa damu mwambie pia habari njema, kwamba kwa wengi damu huanza kupungua ndani ya wiki hizo. Mwisho wa wiki ya pili mweleze ngozi, mdomo, kuhara. Wiki ya mwisho mweleze yanayofuata baada ya tiba.

Ngozi. Itakuwa nyeusi zaidi, itawasha, na kwenye mikunjo, yaani chini ya titi, kwapani na kinena, inaweza kuchubuka na kutoa maji. Aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, ajipanguse kwa kugusagusa. Avae kanga au nguo ya pamba isiyobana. Manukato, poda na mafuta mazito kabla ya kuingia mashineni hapana. Jua la Dodoma na vumbi la Julai ni vikali kwa ngozi iliyotibiwa, kwa hiyo ajifunike. Ikichubuka asiweke majivu, asali wala dawa ya meno. Aonyeshe kidonda kwa muuguzi siku hiyohiyo.

Mdomo na koo. Kuanzia wiki ya pili au ya tatu mate hupungua na kuwa mazito, ladha hupotea, vidonda hutoka. Asukutue mara nyingi kwa siku: lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko cha chai kimoja cha chumvi na kimoja cha bikaboneti ya kuokea. Sisitiza hiyo bikaboneti. Magadi tunayotia kwenye mlenda si kitu kilekile na yataunguza vidonda, wala hamira haifai. Mara nyingi nimemwomba ndugu alete pakiti yenyewe niione kabla mgonjwa hajaanza kuitumia.

Kwenye chakula tuna bahati ya mapishi yetu. Mlenda hupita pale ambapo nyama hukwama. Ugali wa uwele au mtama ukipikwa laini na kuchovywa kwenye mlenda uliotiwa karanga za kusaga unampa nguvu na protini kwa pamoja. Uji wa mtama wenye maziwa na karanga, yai la kuchemsha lililopondwa, mtindi, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuponda, vyote vinafaa. Ale kidogo mara sita badala ya sahani kubwa mara mbili. Pilipili, ndimu, vya moto sana, wanzuki, gongo na mvinyo aviache. Apimwe uzito kila wiki. Akipungua haraka, daktari aambiwe mapema, kwa sababu pengine atahitaji mrija wa kulishia kabla hajaishiwa nguvu.

Nyonga. Kuhara huja wiki ya pili au ya tatu. Hapo chakula kinageuka: dona, maharage, kunde na mboga nyingi za majani apunguze, ale wali, sembe, ndizi, uji mwepesi, na anywe ORS, pakiti moja kwa lita moja ya maji. Kukojoa kunaweza kuuma kidogo. Anywe maji mengi, na kama kuna homa apimwe mkojo, asichukuliwe tu kwamba ni mionzi.

Dalili za kurudi hospitali bila kungoja kesho zikae kwenye karatasi, kwa picha kama hasomi: homa ya 38 au zaidi, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, kuhara kusikokatika au kuhara damu, kushindwa kumeza hata maji, kupumua kwa shida, mkojo kutotoka, na miguu kuishiwa nguvu ghafla.

Hatua ya 6: Mionzi ya ndani, na habari za chumbani

Mionzi ya ndani ndiyo wanayoikimbia wanawake wengi, na hakuna anayewaambia ukweli mpaka wafike. Mrija maalumu huingizwa ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi, mashine hupitisha chanzo kidogo cha mionzi ndani yake kwa dakika chache, kisha chanzo hurudi kwenye mashine na mrija hutolewa. Hurudiwa mara tatu au nne hivi. Haibaki mwilini. Kuingiza mrija kunaweza kuuma, na ana haki ya kupewa dawa ya maumivu au ya usingizi, mwambie aombe. Mfunulie pia kwa nini hatakiwi kuishia kwenye mionzi ya nje hata kama damu imekata na anajisikia mzima: dozi ya ndani ndiyo inayolimaliza lile lililobaki, mahali ambapo mionzi ya nje haiwezi kuongezwa bila kuumiza kibofu na njia ya haja kubwa.

Kisha zungumza habari za unyumba, mlango ukiwa umefungwa. Wakati wa tiba wapumzike. Baada ya tiba uke unaweza kukauka, kuwa mwembamba na kushikana. Wiki chache baada ya kumaliza, daktari akiona pamepona, arudie tendo polepole kwa kilainishi cha maji au atumie kifaa cha kupanulia uke mara mbili au tatu kwa wiki, kwa mwaka mmoja au zaidi. Hata mjane anahitaji hili, kwa sababu bila nafasi daktari hataweza kumchunguza kama ugonjwa umerudi. Mume aitwe. Saratani hii haimwambukizi, mionzi haimwambukizi, na baridi anayoiona kwa mkewe ni uchovu na woga. Nimeona ndoa zikitulia kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Hatua ya 7: Hakikisha ameelewa, kisha linda siku zake

Usiulize "umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Sema: "Bibi, nataka nijue kama mimi nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, mzee akikuuliza utafanyiwa nini, utamwambiaje?" Akikosea, kosa ni la maelezo yako, rudia kwa njia nyingine. Uliza hivi kwa mambo matatu tu kila mkutano: atakuja lini, atafanya nini likitokea jambo fulani, atampigia nani. Ndugu akirekodi maelezo yako kwenye simu na kuyatuma WhatsApp kwa familia, mruhusu. Sauti ya nesi husikilizwa upya usiku wakati maneno ya mtaani yanapoanza.

Mchoreeni kalenda. Karatasi ngumu, visanduku 25, safu tano za siku tano, kila akitoka mashineni anatia alama. Chini yake visanduku vya mionzi ya ndani kwa rangi nyingine, ili asione 25 akadhani amemaliza. Wasiojua kusoma huielewa kalenda hii upesi, na ndugu hubeba jukumu la kuuliza "leo umetia alama?"

Mwambie pia mapema kwamba mashine huharibika au kusimama kwa matengenezo. Siku hiyo asipande basi kurudi Kondoa. Abaki, kwa sababu madaktari hufidia siku zilizopotea, na hawawezi kumfidia aliyeondoka. Hali kadhalika mvua. Kama tiba itaangukia Desemba hadi Februari, kaeni na familia kabla ya rufaa mpange nani atalima kipande chake. Kijiji kikiambiwa waziwazi, mara nyingi watu hujitolea. Nalihesabu hili kuwa sehemu ya tiba kama ilivyo dripu, na ningetamani kila rufaa inayotoka kanda ya kati iwe na mstari mmoja unaosema nani analima.

Hatua ya 8: Siku ya mwisho na kurudi nyumbani

Madhara hayaishi siku ya mwisho. Ngozi na vidonda vya mdomo hufikia kilele wiki moja au mbili baada ya kumaliza, halafu hupungua. Uchovu unaweza kukaa miezi. Mweleze kabla hajapanda treni, asije akadhani ugonjwa umerudi kwa kishindo.

Kliniki ya kwanza huwa baada ya wiki nne hadi sita, kisha kila miezi mitatu hivi kwa miaka miwili ya mwanzo. Tarehe iandikwe, na simu ya mtu wa familia mwenye namba isiyobadilika ichukuliwe pamoja na ya mhudumu wa afya wa kijiji chake.

Yapo madhara yanayochelewa: haja kubwa yenye damu miezi au miaka baadaye, kukojoa damu, mdomo mkavu wa kudumu, mkono kuvimba kwa aliyetibiwa titi na kwapa. Aripoti kila moja. Baadhi ni makovu ya mionzi na yana tiba yake, na baadhi huhitaji kuchunguzwa kama ugonjwa umerudi. Aliyetibiwa taya asing'olewe jino popote bila kumwambia daktari wa meno kwamba aliwahi kupigwa mionzi hapo.

Kwa sababu hiyo asiondoke bila barua ya kwenda zahanati yake, kwa Kiswahili kinachosomeka, si vifupisho: ugonjwa gani, eneo gani lilitibiwa, dozi ngapi, tarehe ya kuanza na kumaliza, dawa anazoendelea nazo, na namba ya kupiga. Nakala moja ibaki kwenye faili, moja akabidhi zahanati, moja akae nayo kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki. Akianza kutokwa damu saa nne usiku huko Bahi au Kongwa, wa kwanza kumpokea ni mhudumu wa zahanati, na barua hiyo ndiyo itakayomwambia anamshughulikia nani.